Bega la Zaina

Nyamirambo, Kigali

Kaka yangu Shabani,

Assalaam aleikum, wewe na wote mlio chini ya paa hilo. Macho yanaendeleaje? Wifi aliniambia kwenye simu kwamba sasa hata mwanga wa dirishani huuoni, na neno hilo nimeshinda nalo siku nzima, cherehani imesimama mbele yangu. Mimi ni mzima kiasi. Kazi ipo, ila mvua ya huku haipumziki na kifua kinanibana kila asubuhi.

Ulitaka nikuandikie habari za Zaina badala ya kukusimulia kwa simu, ili wifi akusomee taratibu na wewe upate kuziona kichwani. Basi wifi, naomba msome mkiwa wawili tu. Watoto watoke kwanza.

Nilikwenda Jumapili alasiri na Mama Kevine, fundi mwenzangu wa Nyakabanda. Hajawahi kuona tenisi maishani mwake, lakini kwa miaka mingi amenisikia nikimsifu Zaina: binti wa kambini kwetu, aliyejifunzia kwenye kiwanja cha klabu ya shamba la mkonge, akaenda kuwa bingwa wa Afrika Mashariki, na kaka yangu ndiye aliyekuwa akimfungia nyuzi za raketi. Unakumbuka alipomtoa yule Mmisri mrefu? Tulilia sote wawili kwenye simu, wateja wakadhani nimefiwa.

Nilidhani uwanja utafurika kwa kuwa anaaga tenisi. Watu walikuwa wachache kama waliokuja kumzika mgeni. Alipangiwa binti mdogo, mwepesi. Zaina alipotaka kuanzisha mpira, mkono haukupanda. Akajaribu tena, ukakwama usawa wa sikio. Tangu hapo akawa anaanzisha kwa chini, kama mtoto anayejifunza, na nyuma yetu kuna watu wakacheka.

Mama Kevine akanishika goti. "Huyu dada mkono yake iko mgonjwa. Kwa nini wanamuacha anacheza?"

Hakupata hata gemu moja. Mkubwa mmoja akasoma hotuba, akampa cheti chenye fremu, naye akakipokea kwa mkono wa kushoto. Mvua ikaanza, watu wakakimbilia pikipiki.

Nilimfuata kwa ajili ya ule ujumbe wako wa kiwanja. Alikuwa peke yake kwenye benchi, ameweka mfuko wa barafu begani. Nikamsalimu, nikamwambia mimi ni mdogo wake Shabani aliyekuwa anafunga raketi.

Akaushusha ule mfuko. "Shabani bado yu hai?"

"Yupo. Macho ndiyo yamemwisha."

Nikamweleza kwamba wanataka kuking'oa kile kiwanja wajenge ghala, na wewe unaamini akija yeye kusema neno moja, watakiacha.

"Wakivunje," akasema.

Nikamwambia umekifagia na kukichora mistari miaka yote hii, hata baada ya klabu kufungwa. Hapo ndipo aliponitazama.

"Dada, nilikuwa na miaka kumi na mitano. Kocha alitaka nyuzi zikazwe sana. Kila mpira ulikuwa unanipiga hapa begani, ikafika siku nashindwa kusuka nywele zangu. Nikamfuata kaka yako, kocha hayupo. Nikamwambia, kaka Shabani, nilegezee kidogo tu, hatajua. Akasema sawa. Kesho yake akanipa raketi, akaniambia, nimeshakulegezea. Nilipiga mpira mmoja tu nikajua. Ilikuwa imekazwa vilevile. Nikaona labda nadeka, nikacheza. Nimecheza hivyo mpaka leo."

Kaka, nilitaka kukutetea. Najua kocha angekufukuza, na Mama wakati ule alikuwa kitandani anategemea mshahara wako. Maneno yalinifika mdomoni. Nikaona nikiyasema nitakuwa namwambia kwamba bega lake lilikuwa halali yetu.

Akaniuliza kama una watoto. Nikasema wawili. "Wanacheza tenisi?" Nikasema hapana. "Afadhali," akasema, akarudisha barafu yake.

Tangu siku hiyo nazirudia mechi zake zote, hata ile ya Mmisri. Alipokuwa akipiga kelele kila akipiga mpira, sisi tulisema ni nguvu. Ule mwaka aliopotea tukasema ana maringo. Mimi niliyejiita shabiki wake namba moja sikuwahi kujiuliza kitu.

Barua hii nimeiandika mara mbili. Ya kwanza nilikuambia hakuwa na nafasi, na kwamba anakusalimu. Niliichana. Huwezi tena kumwona uso, lakini alichosema unaweza kukisikia. Labda umesahau. Labda hukusahau hata siku moja, na ndiyo maana siku ya mashindano yake wewe ulikuwa unatoka nje redio ikiwa inazungumza, sisi tukidhani ni woga wa kufungwa.

Yupo hapa Kigali mpaka mwisho wa mwezi, anatibiwa. Nilimwomba ruhusa nikuandikie aliyoniambia, na kama una neno nimpelekee. Hakukubali, hakukataa. Alinielekeza tu anapokaa.

Nisalimie shangazi wa Pongwe na miguu yake, mzee muadhini jirani yetu, na hao wanao wawili, na umwambie Salma gauni lake la skuli nalimalizia. Wifi, nisamehe kwa kukutwika kuisoma hii kwa sauti yako. Sikuwa na mwingine wa kumtuma.

Kaka, kama si kweli, niandikie haraka nikamwambie amekusingizia. Kama ni kweli, mimi usinijibu. Mjibu Zaina.

Mdogo wako,
Mwanahawa