Supu Kwenye Sufuria ya Maharage

Bwenini kwa wafanyakazi, 4 Februari

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi kama punje za mchele kwenye gunia. Hujambo? Mama Mkubwa hajambo? Miguu yake inapatana na ile cherehani? Mimi sijambo, ni vidole tu, na vidole havijaua mtu.

Umeniuliza mara tatu sasa kazi yangu ni kazi gani hasa. Kwenye simu siwezi kusema, maana Mama Mkubwa huweka sauti ya juu mpaka wateja wake wananijibu salamu. Kwa hiyo nakuandikia, dereva wa vifurushi atakufikishia. Nimekuwa nikisema "kiwandani, kiwandani" kama mtu anayeficha. Sifichi. Ni kiwanda cha kuku. Wanaingia mlango wa nyuma wakiwa hai, wanatokea wa mbele wakiwa kwenye mifuko. Katikati tupo sisi wanawake, na mabuti yetu na kofia zetu za nailoni. Mimi nipo meza ya mabawa. Kuku anakuja ametundikwa kwenye mnyororo miguu juu, mimi nakata bawa la kulia, mwenzangu la kushoto. Mnyororo hausimami hata ukipiga chafya.

Jumatatu walinihamishia mlango wa nyuma, kuna mmoja aliumwa. Huko unampokea mzima, unamgeuza, unamtundika. Sasa mmoja akanitulia mkononi, mwanangu, kama mtoto aliyechoka kulia. Moyo wake unaenda mbio kwenye kiganja changu. Na wewe ulikuwa hivyo hivyo ulipozaliwa, mdogo kama mkate. Nikasimama kidogo. Msimamizi akasema, "We mama, unambembeleza?" Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Kisha nikamtundika.

Basi ndiyo kazi. Nakutumia mikebe sita ya nyama ya kuku, sisi wafanyakazi tunapewa. Kula ushibe, unakua.

Mama yako


Nyumbani, 27 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Miguu ya Mama Mkubwa bado imevimba lakini mdomo uko salama. Anashona sare za shule asubuhi hadi jioni, na mimi nikirudi darasani namsomea majina ya wateja na vipimo vyao. Ananiita "macho yangu". Juzi nilisoma kiuno cha mtu mahali pa kifua, nusura tumshonee hema.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mama, usikasirike. Nimeacha kula nyama. Ya kuku, ya ng'ombe, samaki, zote. Mayai na maziwa nakula. Si kwamba naidharau kazi yako, najua ndiyo inayonisomesha. Lakini nikiweka nyama mdomoni nahisi kuna kitu kinapiga ulimini. Najua hakipigi. Lakini nahisi.

Mama Mkubwa aliposikia akasema, "Kwa hiyo humu ndani tuna mbuzi. Siku utakayoanza kula vitambaa vyangu, nakuuza." Mwalimu wa sayansi yeye amesema inawezekana, mtu wa umri wangu anaweza kukua na akawa na afya bila nyama, ila lazima ajue anakula nini badala yake. Nilimweleza Mama Mkubwa. Akasema badala ya nyama ni njaa.

Siku za maharage nakula maharage, nashiba kabisa. Mikebe anaila yeye, anakushukuru.

Binti yako,
Chiriku


Bwenini, 15 Machi

Chiriku wangu,

Vipi hali yako? Unalala vizuri? Barua yako ilinikuta wakati wa chakula cha mchana, na chakula chenyewe kilikuwa bawa. Nililitazama, likanitazama, tukaachana.

Mwanangu, mimi shule niliiacha wewe ukiwa tumboni, mambo ya sayansi siwezi kubishana na mwalimu. Lakini hili nalijua kwa mwili wangu. Nilikuwa na miaka kumi na sita na sikuwa na damu. Nilikuwa nabandua udongo ukutani nakula. Nikisimama dunia inazunguka. Siku ya kukuzaa muuguzi alimwambia Mama Mkubwa, "Huyu mkimpata, mshukuru Mungu." Na wewe sasa umeshaanza siku zako, kila mwezi damu inatoka. Itarudishwa na nini? Na majani? Mwenzangu wa bawa la kushoto anasema mtoto asiyekula nyama hukauka kama mti uliomwagiwa maji ya sabuni.

Lakini wewe si mtoto wa kufungwa kamba. Nimefikiri siku tatu, nimekubali. Kula maharage yako. Mama amekubali, tulia, soma.

Ndani ya kifurushi kuna bahasha nyingine ya Mama Mkubwa. Mpe.

Mama yako anayekupenda


Nyumbani, 2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima.

Ile bahasha ya pili uliandika juu yake kwa herufi kubwa: DADA, HII ASIISOME CHIRIKU, TAFUTA MTU MWINGINE. Mama Mkubwa akaigeuza huku, akaigeuza kule, akanipa. "Haya macho yangu, mama yako anasemaje?" Mama, ulifikiri nani angemsomea hayo maneno ya juu?

Nikamwambia, "Imeandikwa nisisome."

Akasema, "Umejuaje kama hujasoma? Si umeshaanza? Endelea."

Nikasoma. Kwa sauti, mbele ya mteja aliyekuwa anapimwa mabega. "Dada, maharage yake yapike kwa supu ya kuku, uichuje asione mafuta. Ukipata maini, yasage uyatie kwenye mboga. Hatajua. Mimi nimemwambia nimekubali ili atulie." Hapo kwenye "ili atulie" nilirudia mara mbili, maana Mama Mkubwa hakusikia vizuri.

Akashusha sauti. Mara ya kwanza tangu nimjue. Halafu akasema polepole, "Mimi mbona nilishaanza, wiki mbili sasa, bila kuambiwa na mtu." Yule mteja akacheka mpaka tepu ikamtoka begani. Kumbe nyinyi ni ndugu kweli.

Sili tena kilichopikwa nyumba hii. Mkate nanunua mwenyewe dukani, chai nachemsha mwenyewe. Mkate haudanganyi mtu.

Msomaji wa Mama Mkubwa


Bwenini, 11 Aprili

Mwanangu,

Salamu sijui nizianzie wapi. Nimekosa. Niliogopa, na mtu mwenye hofu hukimbia hata njia ya nyumbani kwake. Nilikuwa naona ule udongo wa ukutani mdomoni mwako wewe.

Sitasema "lakini". Nimelifuta mara mbili. Niandikie hata mstari mmoja. Hata unitukane, ila kwa adabu.

Mama yako


Bwenini, 6 Mei

Mwanangu Chiriku,

Hujambo? Zamani neno hilo nililiandika kama mtu anavyopiga hodi. Leo nauliza kweli.

Hii ni barua ya nne, na jibu sijaona. Jana Mama Mkubwa kanieleza kwa simu, na wateja wakiongezea. Kwamba umeanguka kwenye ngazi za shule. Kwamba ukipanda ngazi kumi unakaa. Kwamba ukivutwa kope la chini, ndani ni peupe kama karatasi. Mmepima, damu ni pungufu.

Amenisimulia mlivyokuwa kwa muuguzi. Muuguzi kamuuliza, "Anakula nini huyu?" Yeye kajibu, "Hali nyama." Muuguzi kasema, "Mama, sijauliza asichokula." Ndipo ukajibu wewe mwenyewe: mkate na chai, mwezi mzima. Na muuguzi akasema basi ugonjwa ni huo, mkate na chai, kwa msichana anayekua na anayepata siku zake. Kwamba bila nyama ungeweza kuwa mzima kabisa, ukila maharage na dengu na mboga za majani, na mayai na maziwa, ukamung'unya na chungwa au ukakamulia limao ili madini ya chuma yashike, na chai ikae mbali na chakula maana inayazuia. Na siku ukiacha na mayai na maziwa, kuna vitamini ambayo lazima uipate kwa vidonge, hilo si la kubahatisha. Amekupa na vidonge vya damu.

Kwa hiyo mwalimu wako alisema kweli. Na wewe ulisema kweli. Ulikuwa na maharage yako, unashiba. Mimi ndiye niliyekutoa kwenye maharage nikakupeleka kwenye mkate.

Nilikwenda kwa msimamizi kuomba siku nne tu. Akaniuliza, "Mtoto ana mtu wa kumwangalia?" Nikasema anaye. "Basi mnyororo hauna." Nikiondoka kabla msimu haujaisha, nafasi yangu atapewa mwingine siku hiyo hiyo. Nikarudi mezani. Nilikata mabawa mpaka jioni na sikumbuki hata moja.

Unavimeza vidonge? Vinakusumbua tumbo? Niambie.

Mama yako


Bwenini, 21 Mei
(Juu ya bahasha: HII AISOME CHIRIKU)

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo dada. Pole na miguu, pole na sare. Mimi mdogo wako nipo, napumua.

Uliniambia barua zangu kwa mtoto zipo kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo, hata moja haijafunguliwa. Sawa. Yeye ana haki ya kutofungua zake. Lakini hii ni yako, na wewe barua ikija lazima isomwe, na msomaji unaye mmoja. Kwa hiyo wewe msomaji, vumilia kidogo, haisemi na wewe.

Dada, dereva atakukabidhi sufuria ya bluu yenye kifuniko. Ni mpya, haijawahi kuonja nyama. Ni ya mtoto. Asiiguse mtu mwingine, wala wewe dada yangu usiifunue hata kwa nia njema. Hasa kwa nia njema. Aloweke maharage yake mwenyewe kabla ya kwenda shule, ayapike mwenyewe akirudi. Akitaka kuifungia kufuli, mpe kufuli. Malimao usikose ndani. Na chai, dada, mezani pake isionekane.

Najua itakuwa kazi juu ya kazi, naye hana nguvu. Ningekuwepo ningemshikia mwiko tu, yeye akatia chumvi. Sipo. Kutoka huku sikuwa na mkono wa kumlishia ila mkono wako, na mkono wako niliufundisha kuiba. Wewe usijitetee kwamba ulianza kabla yangu, tutakufa na aibu hii wote wawili.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, nyote wawili. Mama yake alimdanganya. Kama hukusikia, arudie. Mama yake alimdanganya, alimwambia "nimekubali" wakati hakukubali. Sasa nimekubali. Najua neno hilo nimeshalichafua, hana sababu ya kuliamini. Basi aiamini sufuria.

Jambo la mwisho, dada. Mimi siwezi kumvuta kope nikaona ndani. Siwezi kumsikia akipanda ngazi. Muuguzi ana mashine, mwalimu ana macho, mimi nina kalamu. Kwa hiyo barua hii nimeiandika ndefu makusudi. Zamani mtoto huyu alikuwa anasoma ukurasa mzima kwa pumzi moja, ndiyo tukamwita Chiriku. Wewe umekaa naye hapo. Umehesabu amepumzika mara ngapi? Nitumie hesabu hiyo tu. Asipotaka kuandika neno lingine, asiandike. Sina kipimo kingine.

Mdogo wako


Nyumbani, 8 Juni

Mama,

Shikamoo.

Mama Mkubwa anasema barua yake ameipata. Sufuria nayo imefika, kifuniko kimebonyea kidogo lakini kinafunga. Anasema hajitetei, ila alianza kabla yako. Anasema maharage mapya nimeyapika yakawa magumu kama vifungo, nikayala hivyo hivyo. Vidonge navimeza, tumbo linauma. Kupima tena ni tarehe ishirini na nane, na muuguzi amesema kabla ya hapo tusimsumbue kwa maswali, maana hata yeye hajui.

Anasema nikupe ulichoomba. Alihesabu kwa vidole. Msomaji alipumzika mara saba.

Sasa hivi amekwenda kumpima mteja, hajui kwamba naongeza hapa. Za pumzi zilikuwa nne tu, zile tatu macho yalikuwa yamejaa maji.

Mwanao