Maneno Niliyoyapaza Ipyana

Kwa mwanangu Tulinagwe,

Nakusalimu kwa upendo. Sisi wazima. Kokoa tulianika, mvua ikainyeshea, tukaanika tena. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa kaka yako Aliko akuletee barua hii huko Mbeya. Mwandiko usinicheke.

Mwanangu, ni habari ya ile siku ya mbio. Nilisimama njiani pale Ipyana tangu asubuhi nimekushikia maji na ndizi. Watu wananiambia, mama, binti yako anaongoza wasichana wote toka Busale. Kumbe nakuona unakuja polepole, Naila binti wa Mzee Yasini wa dukani amekuegemea, miguu imemkaza, wenzenu wanawapita. Ndipo nikapiga kelele kwa Kinyakyusa, "Mwache huyo, kwao siyo hapa, wewe kimbia." Nilidhani hasikii lugha yetu. Ukaniangalia tu, maji yangu hukupokea. Mkaenda hadi ziwani mmeshikana, mkawa wa mwisho.

Jana nilijikaza nikaenda dukani kumwomba Naila msamaha. Naila akatoka anachechemea, akaniamkia, "Mugonile, mama," Kinyakyusa safi kama cha kwetu, maana kazaliwa hapahapa. Nikanunua chumvi ambayo nyumbani ipo, nikarudi.

Njoo Jumamosi twende wote dukani. Kusema nitasema mwenyewe, ila wewe unishike mkono nisije nikakimbia.

Ni mimi mama yako,
Marta