Matuta Matatu ya Wajir

Bosibori, nimetoka kwa mama mkwe hapa Migori sasa hivi na mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Kumbe mwaka wa 1969 baba mkwe alihamishiwa kazi Wajir, jangwani. Mama mkwe, Mama Nyasuguta, akabeba mbegu za mboga ya managu kutoka soko la Homa Bay, kiganja kimoja tu. Zikiharibika, ni maharagwe mpaka likizo ya mwaka ujao.

Akalima vile tunalima huku. Matuta matatu marefu, yameinuka, ameyazungushia mawe.

Kabla hajapanda, jirani yake Hodan akaingia na wanawake sita, vichwa chini. "Pole sana, Mama Nyasuguta. Watatu kwa siku moja?"

Watatu, Bosibori. Walikuja matanga.

Mama, jembe mkononi: "Hii ni shamba ya mboga."

Hodan akaketi juu ya kaburi akacheka mpaka akalia. "Huku mboga ndiyo tunazika. Ukiinua udongo hivi, maji yote yatakimbia. Chimba chini, yakae."

Wakabomoa matuta, wakachimba vishimo, wakapanda managu, wote wanane, wageni na nguo zao za msiba.

Mwezi uliofuata Hodan akabisha mlangoni na sufuria. "Nasikia marehemu wamefufuka."