Diski ya Almasi Uliyotutumia

Karakana ya Vioo,
Nyuma ya Soko,
Jumapili mchana, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Unalala vizuri, unakula, mwili una nguvu? Usinijibu kwa mazoea tu kwamba hujambo. Safari hii nauliza kwa sababu nataka kujua. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa kuwa kwenye simu ningelia au ningefoka, nawe ungekata halafu usingizie mtandao.

Sisi ni wazima. Goti la mama limetulia kidogo, na amerudi jikoni anatugombeza kila mtu kwa zamu yake. Shemeji yako naye mzima, ingawa siku hizi ameonewa sana, kama utakavyosoma. Baba yupo, na habari zake zinakuja.

Sasa nikwambie habari ya ile diski ya almasi ya kukatia vioo. Ilipofika tulishangilia kama waliopata mtoto. Shangazi aliichukua akazunguka nayo mtaa mzima akiwaonyesha watu kitu kilichotoka kwenye kiwanda cha vioo anachosimamia mtoto wetu. Ulisema kwenye simu kwamba ndiyo mnayotumia huko kila siku, na sisi tukajiona tumefika. Ilikuja wakati mzuri pia, maana yetu ilikuwa imekwisha, na tulishapokea kazi ya vioo vinene vya mapokezi ya zahanati mpya, ambavyo huwezi kuvikata ila kwa mashine.

Kioo cha kwanza kilitoka ukingo umemegukameguka kama mkate uliotafunwa na panya. Cha pili kilipiga ufa kutoka ukingoni hadi katikati, mbele ya macho yetu, mashine hata haijafika nusu.

Basi ndugu yangu, msako ukaanza. Tulishuku maji, tukafungua pampu, tukabadilisha mpira unaomwagia diski. Tukaangalia kama mshale uliochorwa kwenye diski unaelekea upande mashine inakozungukia. Ulikuwa sawa. Tukakaza nati, tukajaribu mhimili kwa kidole kama unacheza, haukucheza. Tukalaumu umeme. Mimi nikaenda kumvaa muuza vioo, nikamwambia ametuuzia mali iliyokaa juani, na sasa sijui nitamtazamaje usoni. Mwishowe tukailaumu mikono ya shemeji yako, kwamba anasukuma kwa pupa. Maskini, akawa anasukuma kioo kama anayembembeleza mtoto alale, na bado kikapasuka.

Kila kitu tulikishuku isipokuwa diski. Diski ilitoka kwako, nani angethubutu? Hata ile rangi ya bluu iliyozunguka karibu na ukingo, mimi mwenyewe, mwenye kazi yangu, nilimwambia shemeji yako kwamba ndiyo mitindo ya kisasa.

Alhamisi baba na shemeji yako walikwenda kupima madirisha, nikabaki peke yangu. Nikaona nifanye lile ambalo hatukulifanya kwa sababu hakuna anayelifanyia diski mpya. Diski ya almasi ikiziba, unaipitisha taratibu kwenye tofali laini la kunolea, maji yakimwagika, mpaka uchafu utoke na chembe mpya za almasi zijitokeze. Nikawasha mashine, nikasogeza tofali.

Uji wa vioo, ule unga wake uliochanganyika na maji, ni mweupe, wewe mwenyewe umeukanyaga tangu utotoni. Uliotoka ulikuwa wa kijivu, mzito, unanuka saruji mbichi. Nilizima mashine. Nikaifungua diski, nikaipeleka dirishani, nikaifuta kwa kitambaa. Ile rangi ya kisasa ilikuwa kuungua. Chuma hakigeuki hivyo mpaka kikimbizwe kavu, tena mara nyingi, bila tone la maji. Nikailaza juu ya meza ya kioo, ikayumba. Imepinda.

Mdogo wangu, nilikaa chini sakafuni, pale pale kwenye maji, na sketi yangu ya kazi ikalowa nisijali. Hakuna kiwanda cha vioo kinachokata saruji. Na mtu hasemi kwamba anatumia kitu kila siku, halafu kitu chenyewe kimejaa saruji, ila kama kweli anakitumia kila siku. Husimamii kiwanda. Unakata mawe na zege, na unakata kavu.

Hapo kikohozi chako kikanirudia masikioni. Mara tatu za mwisho tulizozungumza umekohoa mpaka nikasogeza simu mbali, na uliniambia ni kiyoyozi cha ofisini. Kiyoyozi! Nililirudia neno hilo kwa sauti, peke yangu karakanani, kama mwendawazimu.

Nisome vizuri. Uongo umeniuma, sitakuficha, na siku nikikuona nitakusema mpaka uombe maji ya kunywa. Lakini si uongo ulionikalisha sakafuni. Ni vumbi. Wewe ulikwenda shule, ndiyo maana tukakuita Profesa, na hapa ulikuwa ukipokea vioo tu, labda hakuna aliyekwambia. Vumbi la mawe na saruji likiingia kifuani halitoki tena. Ndiyo maana baba hakuruhusu mtu yeyote awashe mashine kabla ya kufungua maji, hata kwa kujaribu tu.

Waliporudi nilikuwa nimeshaificha diski nyuma ya vioo vya kujitazamia. Nikamwambia baba, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba diski ina kasoro ya kiwandani, tutafute nyingine. Akanitazama.

"Umeipitisha kwenye tofali?"

"Ndiyo, baba."

"Ukaona kijivu."

Hakuwa ananiuliza. "Baba, ulijua?"

"Niliinusa siku ilipofika."

"Na ukatuacha tuvunje vioo vyote vile?"

"Vioo vinapatikana. Ningesema, ungemfokea, naye asingepiga simu tena. Mimi nataka kumsikia tu, hata akinidanganya."

Shemeji yako, ambaye baba huyo huyo alimkalia kooni kuhusu mikono yake, alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikuweza kucheka. Nikamwambia baba kuhusu kikohozi. Hilo hakulijua. Kumbe ukizungumza naye unajikaza usikohoe, unamwahi kwa salamu na kukata. Na ule mduara wa kuungua hakuuona, kwa kuwa macho yake siku hizi hayashiki rangi. Aliidai diski, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akapitisha kidole gumba polepole pale palipoungua. Halafu akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Chakula cha jioni hakukigusa, na mama alipouliza ana nini nikalazimika kumwambia yote.

Sasa nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu. Kesho asubuhi nenda hospitali ukapigwe picha ya kifua. Matokeo uniambie kama yalivyo, hata yakiwa mabaya, hasa yakiwa mabaya. Kama huyo bosi wenu hataki kuwawekea maji, mwachie mashine yake uje. Kukata mawe si aibu, ningejivunia vilevile, na shangazi angepata tu neno jingine la kujigambia. Hapa mashine inataka watu wawili, mmoja asukume na mwingine apokee. Tangu uondoke anayepokea ni mama, na goti lake unalijua.

Shemeji yako anakusalimu, anasema mikono yake imeachiwa huru. Muuza vioo nimemtaka radhi kupitia kwa mkewe. Shangazi hajaambiwa kitu, bado anakutangaza, na tumemwacha kwanza. Mama anasema atazungumza nawe mwenyewe, basi jiandae.

Nimemsomea baba barua hii yote. Nikamwuliza ana neno gani la kukwambia. Akasema nikuulize jambo moja, nami naliandika kama alivyolisema:

"Mwulize mwanangu, huko kwao hakuna maji?"

Mungu akulindie pumzi yako, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Wako akupendaye hata akiwa na hasira,
Dada yako.