CD ya Scan ya Mum

Lindi, Kibera

Aunty Kanini,

Sasa? Mvua imepungua huku. Nimetumia karatasi kwa sababu Mum husoma simu yangu, na nakuambia wewe kwa kuwa yeye ni dada yako.

Alituambia alifanyiwa scan ya tumbo na daktari hakuona kitu. Alirudi na CD kwa bahasha. Nilipotaka tuiangalie, akacheka: "Utaiingiza wapi? Hiyo laptop yako haina hata mdomo." Kweli, laptop za siku hizi hazina pa kuweka CD. Lakini aliificha haraka chini ya godoro, nikashuku.

Jumamosi nilimdanganya naenda kwaya, nikaipeleka cyber, duka la kompyuta na intaneti, huko Kawangware ambako hatujulikani. Kavoi, mwenye cyber, akachomeka kile kifaa cha pembeni cha kusoma CD. Nilimwambia ni scan ya Mum, nikamwomba asiangalie.

Zikaanza nyimbo za harusi.

"Msupa, hii ndiyo scan?" Kavoi akaniuliza.

Aunty, nadhani hakwenda hospitali. Bado anashika tumbo akidhani simwoni. Njoo, sema umekuja kututembelea tu, kisha umpeleke hospitali wewe. Mimi akinicheka tena, nitamwamini.

Wako anayekungoja,
Kasyoka