Mteremko wa Mlangoni

Jumanne, 4 Machi

Nimetoka mkutanoni na miguu bado inanicheza. Chumba kile cha nyuma ya maktaba, viti vinavyolia ukijigeuza kidogo tu. Mwenyekiti wetu ni mfamasia mstaafu, bado anaongea kama anakupa dozi: hiki asubuhi, hiki jioni, usiruke. Kasema mwaka huu klabu yetu ya kujitolea haitakata utepe wala kupiga picha na watu waliopewa vitu. Mwaka huu ni mikono. Kila mwanachama ashike koleo, brashi, chochote.

Mapendekezo yakamwagika. Mtaro wa nyuma ya soko umeziba. Bembea za shule ya chekechea kamba zimeoza. Zahanati inalilia rangi. Mimi nikanyoosha mkono kwa yote. Mama Geti akaniuliza kama siku hizi nimejigawa mapacha. Huyu ndiye mchomeleaji wetu — nusu ya mageti ya mtaa huu yametoka mikononi mwake, na jina ndiyo hilo limemganda. Nikacheka. Nikaandika kumbukumbu za kikao, maana katibu ni mimi.

Nyumbani nimemkuta wifi keshavaa viatu, mkoba begani. Kanipita mlangoni akaenda zake. Yeye ndiye anayeshinda na kaka yake nikiwa kazini, na siku za klabu anangoja hadi nirudi.

Refa alikuwa dirishani, kwenye kiti chake cha magurudumu. Refa ni mume wangu. Alichezesha mechi za mtaani tangu hatujaoana, kila mtu anamwita hivyo, hata mimi. Kiharusi kilimpiga mwaka jana. Upande wa kulia umelala, na maneno yanatoka moja moja, kama mtu anayechagua mchele. Akauliza tumeamua nini. Nikasema tunaanza na mtaro.

"Mtaro," akasema. "Haya."

Akarudisha uso dirishani.


Alhamisi, 6 Machi

Dukani kimya. Watu wa mji huu wameamua kuona vizuri wote kwa pamoja. Nimefuta miwani yote ya kwenye kabati la kioo, nikaifuta tena. Bosi akaniambia kaa basi, unanichosha macho. Nikakaa. Nikasimama.

Nyumbani vivyo hivyo. Nimemwogesha Refa, nimemlisha, nimemkanda mkono ule kama daktari alivyoelekeza, nimebadilisha shuka ambazo hazijachafuka. Hakuna atakayesema simtunzi. Ila nikimaliza najikuta nimesimama mlangoni, naangalia barabara kama mtu anayengoja gari. Na Refa ananiangalia nikiangalia.


Jumamosi, 8 Machi

Mtaro! Nilichafuka hadi kwenye nyusi, nikaoga, na sijalala vizuri hivi mchana kwa miezi. Tumetoa matope, chupa, godoro zima, kiatu cha mtoto. Mwenyekiti aliteleza akakaa kwenye maji yale meusi, akabaki amekaa, akasema angalau sasa anajua kina chake.

Wakati wa kunawa Mama Geti akaniuliza, Refa yuko wapi siku hizi, mbona haonekani? Nikasema yupo, anapumzika, hapendi kutoka.

"Refa? Hapendi kutoka?"

Nikasema watu hubadilika. Nikaendelea kusugua kucha ambazo zilikuwa safi tayari.


Jumapili, 9 Machi

Wifi leo kapasuka. Tulikuwa jikoni, akaongea kwa sauti ya chini ili kaka yake asisikie, na nyumba yetu ukipiga chafya jikoni chumbani wanakuambia afya.

Kasema: wifi, unazibua mitaro ya watu. Utapaka rangi zahanati ya watu. Hapa kwako unaingia kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Nikamwambia ninafanya kila kitu humu ndani, anionyeshe kimoja nilichoacha. Akatafuta. Hakukipata. Akasema, "Sijui nikuambieje. Unafanya yote, lakini hukai."

Refa akaita kutoka chumbani. Alitaka maji. Glasi yake ilikuwa imejaa.


Jumanne, 11 Machi

Mkutano. Ajenda: mradi unaofuata. Mwenyekiti akasema kabla ya zahanati kuna ombi limeingia, la haraka na dogo. Mimi kichwa chini, naandika anavyosema. Nyumba yenye ngazi mlangoni. Mgonjwa wa kiti cha magurudumu. Tangu augue hajatoka ila siku za kliniki, na siku hizo majirani wanambeba na kiti chake. Anaomba ajengewe njia ya mteremko ya saruji, ashuke mwenyewe. Nikaandika "ashuke mwenyewe". Nikawaza maskini, hana watu huyu?

Nilipomaliza kuandika nikainua uso. Wote walikuwa wananitazama. Na wote wakaangalia kando.

Kampigia Mwenyekiti simu mwenyewe. Refa. Wiki iliyopita, mchana, nikiwa dukani. Mwenyekiti anasema mazungumzo yalichukua muda, kwa vile maneno hayamtoki haraka, lakini hakutaka wifi amsemee.

Nikasema haiwezekani. Klabu ni ya kusaidia jamii, si ya kujengeana sisi kwa sisi, watu watatuonaje? Nilisema mengi. Mama Geti akaningoja nimalize.

"Kwani wewe si jamii?"

Wakapiga kura. Mikono yote juu isipokuwa wangu. Nami ndiye niliyeandika matokeo.


Jumatano, 12 Machi

Jana sikumsemesha. Leo nimeshindwa. Nimemuuliza akiwa kitandani, nikimvua soksi: ulikosa nini mpaka unaniombea msaada kwa watu ninaokaa nao meza moja?

Akachukua muda. Mdomo wake unavutana upande mmoja akijitahidi, na nimezoea kummalizia sentensi. Leo nimejizuia.

"Nimechoka kubebwa. Kama gunia."

Nikasema ungeniambia mimi. Mimi ni mke wako.

"Nikuambie saa ngapi?"

Hakulisema kwa hasira. Ndilo linalonikera. Angekasirika ningejibu.

Nimetoka nikasimama juu ya ngazi zile. Nazipanda na kuzishuka kila siku nikikimbia. Kusema kweli nilishawahi kufikiria mteremko, nikajiambia hajawa tayari, nikajiambia mpaka nguvu zirudi. Haya niyaandike, hakuna wa kuyasoma: akiwa ndani najua alipo. Ndiyo maana naweza kutoka.


Ijumaa, 14 Machi

Mchanga umemwagwa getini. Kokoto pia. Jirani kauliza mnajenga? Nikasema ukarabati. Akasema hongereni.

Mama Geti kaja kupima. Uwanja wetu ni mfupi. Mteremko ukinyooka utakuwa mkali, kiti kitashuka na mtu wake kama mzigo uliokatika kamba. Lazima upinde kona. Na kona inapita palipo mawaridi yangu. Kasema tunaweza kutafuta namna nyingine. Akasema kwa upole mno, kama anaongea na mgonjwa.

Nikachukua jembe nikayang'oa mwenyewe. Miiba imenichana mikono yote. Refa alikuwa dirishani.


Jumamosi, 15 Machi

Wamekuja asubuhi na mapema na fulana zao za klabu, wameleta toroli na mbao na kelele. Mimi nikajificha jikoni. Nikachemsha chai, nikachemsha nyingine. Kupitia pazia namwona Mwenyekiti anachanganya saruji kwa mwiko wa fundi, anapima maji kidogo kidogo — nusu kikombe, nusu tena — mpaka Mama Geti akamnyang'anya ndoo akamwaga yote.

Wifi alimsogeza kaka yake mpaka kizingitini. Sijaiona sura ile tangu mwaka jana. Anaonyesha kwa mkono wa kushoto: huku, hapana, huku, nyanyua. Mtu mmoja alipoanza kubishana naye kuhusu kona, Refa akamkazia macho, akapapasa mfuko wa shati, akatoa kitambulisho chake cha kliniki, kile cha njano, akamwinulia juu. Kadi ya njano! Uwanja mzima ukacheka. Mimi pia, jikoni, peke yangu, na machozi yakanitoka kwa namna nisiyoitaka.

Mama Geti akaingia bila hodi. Kasema toroli limekosa mtu. Sikuuliza kama ni kweli. Nikatoka. Mara ya kwanza kupita mbele ya Refa na mzigo wa mchanga hakunitazama. Mara ya pili akasema, "Pole na kazi," kama wanavyomwambia fundi.

Jioni mteremko ulikuwa umelala pale, wa kijivu, umejipinda, bado mbichi. Vyuma vya kushikia Mama Geti ataleta baadaye. Ngazi hazionekani tena.


Jumanne, 18 Machi

Saruji inanyweshwa asubuhi na jioni isije ikapasuka. Kazi yangu. Refa anauliza imekauka? Namwambia bado. Anauliza tena.

Sikwenda mkutanoni. Nimetuma ujumbe kwamba nina udhuru. Nilikaa naye dirishani. Nikaanza kukunja nguo, akaniwekea mkono wake mzima juu ya nguo. Nikaacha. Nilikaa. Ni kazi ngumu kuliko mtaro.


Alhamisi, 20 Machi

Vyuma vimefungwa. Mama Geti kavipaka rangi ya buluu, kasema ndiyo iliyobaki dukani. Mwongo. Refa ndiye aliyemwomba. Ni rangi ya timu yake. Hawa watu wanapigiana simu sasa.


Jumamosi, 22 Machi

Leo zahanati inapakwa rangi. Nilipanga kutoka mapema, nimeshavaa nguo za kazi, kitambaa kichwani.

Refa naye kavaa. Kamwomba wifi amvalishe shati la kola. Akasema anashuka.

Nikashika mishikio ya kiti nyuma yake. Tukaenda pole pole, mguu wake mzuri unakanyaga chini, mkono mmoja kwenye gurudumu. Kwenye kona akakwama, akajirudisha, akapita. Tukafika chini. Geti likafunguka. Barabara pale imenyooka, lami nzuri, magari ni machache asubuhi.

"Achia," akasema.

Nikamuuliza anakwenda wapi. Kasema uwanjani. Maveterani wanacheza leo.

Nikasema nakupeleka basi.

"Una zahanati."

Nikasema zahanati ingoje. Akatikisa kichwa. Akasema polepole, nami sikummalizia: "Na wewe. Huwa. Unatoka. Peke yako."

Mikono yangu ilikuwa bado kwenye mishikio. Wifi alikuwa juu kizingitini, mikono kiunoni, ananingoja mimi, si kaka yake. Nikaachia.

Anakwenda pembeni-pembeni, kiti kinavutwa upande, ananyoosha, kinavutwa tena. Muuza magazeti kakimbia kumsukuma, Refa kainua mkono wake wa kushoto, yule bwana akarudi nyuma. Kwenye kona ya duka la dawa kasimama. Nikadhani amechoka. Nikapiga hatua. Kumbe anangoja baiskeli ipite. Kisha akakata kona, na sasa simwoni.

Nimekaa juu ya mteremko naandika, daftari magotini. Wifi kasema yeye anaenda kwake, leo hana wa kukaa naye humu. Kanipiga bega akipita.

Simu imelia, nikadhani ni Refa — kumbe ni Mwenyekiti. Brashi zimeloweshwa, wananingoja, niko wapi? Nimemwambia nakuja.

Kiatu kimoja nimevaa. Kingine nimekishika mkononi. Kutoka getini, zahanati ni kulia, uwanja ni kushoto, na kwenye kona ile ya duka la dawa watu wanapita, wanapita, hakuna hata mmoja anayekuja na sura ya mtu mwenye habari za kuniletea.