Vidonge vya Usingizi na Jina la Mtoto Wetu

Shangazi Uwamariya, ninakusalimu sana, mimi ni mama mukimbizi hapa mu kambi ya Nakivale, Uganda, tulitoka Kongo, Kivu ya Kusini, na ninakusikilizaka kila juma kwenye redio, leo unisaidie na mimi juu moyo umenizidi. Bwana yangu Elisée hakukuwa analala tangu tulipokimbia, kwa sababu mutoto wetu wa kwanza, Irakiza, alikufa na homa mu njia tukamuzika fasi yenye hatuwezi kurudi, na tangu pale bwana yangu akakuwa mutu wa kukaa macho, asubuhi anagombana na kila mutu, hata bukari, ule ugali wetu, anasukuma sahani, mpaka dada yake Mutesi mwenye alihamishiwa Amerika akatutumia kichupa cha vidonge vya usingizi, vinaitwa melatonini. Shangazi, siku za kwanza nilishukuru Mungu, alikunywa kimoja akalala, akaamka anacheka na binti yetu Grâce. Lakini kimoja kikakuwa viwili, viwili vikakuwa vine, na sasa anaamka kichwa kizito, analalia jembe mu shamba ya maharagi, unamutuma chumvi anarudi na sabuni, na mimi batu bote bananiita Mama Irakiza lakini yeye ameanza kuniita Mama Grâce. Nikavumilia. Basi Siku ya Mungu tulipotoka kanisani, mama mumoja akamusalimia, "Baba Irakiza, habari?" naye akapita tu, nikamushika mukono, nikamuambia, "Elisée, banakuita," akaniangalia, akasema, "Irakiza wa nani?" Batu bakacheka bakidhani ni muchezo, mimi nikaenda kulia nyuma ya kanisa. Muchungaji Nsengimana anasema nitupe vile vidonge mu choo, lakini nikitupa, yule mutu wa kukaa macho atarudi, na nikiacha, ninaogopa atanisahau hata mimi. Na tena, Shangazi, nina hasira mingi na yeye, analala vizuri, ni mimi ninabaki na Irakiza mu moyo peke yangu. Nifanye nini, nimuache asahau apumzike, ao nimukumbushe ateseke?

Mama Irakiza, Nakivale

Mama Irakiza, pole sana. Kumzika mtoto njiani na kumwacha huko, halafu baba yake aulize mbele ya watu "wa nani?", hilo lingemliza yeyote. Sasa futa machozi unisikilize.

Nilimwuliza daktari mmoja hapa Nyamitanga, mjini Mbarara, kuhusu vidonge hivyo. Anasema melatonini si sumu wala uchawi. Mwili wenyewe huitengeneza giza likiingia, ndiyo maana tunasinzia, na kidonge kinaongezea tu. Lakini vinne! Mtu wa vinne anashinda na usiku kichwani mchana kutwa, mzito, ana kizunguzungu, unasema chumvi yeye anasikia sabuni. Ila daktari huyo hajaona kidonge cha namna hii kikichagua jina moja na kuacha mengine. Elisée anamjua Grâce, shamba lake analijua, njia ya kanisani anaijua. Mimi sidhani amesahau, mama. Nadhani hawezi kulisikia hilo jina.

Nikugombeze kidogo. Umemwuliza mchungaji, umeniuliza mimi. Elisée mwenyewe umemwuliza lini? Na katika barua nzima, Grâce umemtaja mara moja akicheka na baba yake, halafu akawa jina tu linalokuudhi. Mtoto huyo anawasikia. Kuitwa Mama Grâce si tusi. Wewe ni mama yake, na yeye yuko hai anakutazama.

Kichupa usikitupe kwa siri, utazua vita nyumbani. Mwambie arudi kwenye kimoja, jioni, mchana asiguse, na panga asishike akiwa anasinzia. Wiki hii hii nendeni zahanati ya kambi, wote wawili, mbebe na kichupa. Msiseme habari ya vidonge tu, semeni kwamba bila vidonge hajalala vizuri tangu Kongo. Wakiwatuma hospitali kubwa ya Mbarara, nendeni. Wapo wanaotibu majonzi kama haya, na kwenda kwao si wazimu.

Halafu, mchana, mkiwa wawili, mwambie hivi: "Elisée, nimechoka kumlilia Irakiza peke yangu." Usimwulize kama anakumbuka, huo ni mtihani. Sema, kisha nyamaza. Akiinuka akatoka, mwache atoke, siku nyingine utamwambia tena. Na akilia, kaa naye. Usimkimbilie na kidonge.